Barabara Tulizonazo: Njia za Baiskeli katika Milima ya Usambara Magharibi

Maandishi ya hotuba iliyotolewa Lushoto mbele ya viongozi wa vijiji, waongoza watalii na waendesha baiskeli

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, wenyeviti wa vijiji, maofisa wa misitu, wazee wetu mliofunga safari tangu alfajiri, na ninyi vijana wa baiskeli mliojaa upande ule wa nyuma, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kusema mbele yenu.

Nimeombwa nizungumzie njia za baiskeli katika milima yetu, na hasa lile swali ambalo limekuwa likizunguka kutoka kikao hadi kikao: je, tufungue njia mpya ndani ya misitu ya hifadhi ili wageni na vijana wetu wapate mahali pazuri pa kuendesha? Jibu langu nalitoa mapema, asiwepo wa kulingoja hadi mwisho. Hapana. Njia tunazozihitaji zimekwisha kuchongwa, nyingine tangu zama za Wajerumani na nyingine tangu zama za Wakilindi, watawala wa zamani wa Vuga, na zinapita mahali ambapo mwendesha baiskeli yeyote duniani angefurahi kupita. Kilichobaki ni kuzijua vizuri, kuzipima kwa kipimo kinachofaa milima, na kuzitunza. Muda wangu wote nitautumia kueleza kwa nini naamini hivyo.

Kwanza tuitazame ardhi yenyewe. Usambara ni sehemu ya safu ya milima inayoitwa Tao la Mashariki, ambayo huanzia vilima vya Taita nchini Kenya, ikapita Upare na Usambara, ikaendelea kusini hadi Udzungwa. Milima hii inasimama peke yake juu ya nyika kavu, na upepo unaotoka Bahari ya Hindi unapoigonga hulazimika kupanda, ukapoa, ukaacha mvua na ukungu. Ndiyo maana mtu akisimama Mombo saa saba mchana anatokwa jasho katikati ya mikonge, ilhali mwenzake aliyeko Magamba, umbali wa kilomita arobaini hivi kwa barabara, amejifunga shuka. Usambara Magharibi imetenganishwa na Usambara Mashariki na bonde la Lwengera, na vilele vyake vya juu vinazidi meta 2,200. Pande zake nyingi hazishuki taratibu, maana zimekatika kwa genge, na juu ya genge hilo kuna nchi pana ya mabonde, matuta, mashamba na visiwa vya msitu.

Umbo hilo ndilo linaloamua kila kitu kuhusu baiskeli. Nchi ya juu haifikiwi ila kwa kupanda genge, na hakuna anayetoka juu ila kwa kulishuka. Milango ni michache, na kila mlango una tabia yake.

Mlango mkuu ni barabara ya Mombo hadi Lushoto kupitia Soni. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905, na Lushoto, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal, ikahitaji barabara ya magari ya kukokotwa kushuka hadi stesheni. Waliochonga mwamba ule kwa sururu ni watu wa milima hii na wa nyika iliyo chini yake, na jasho lao ndilo tunalolipita kila siku. Barabara ile sasa ni ya lami, ina urefu wa kilomita zipatazo 33, na inampandisha mtu kutoka meta mia nne na kidogo pale Mombo hadi kiasi cha meta 1,400 pale Lushoto.

Mkizigawanya namba hizo mtaona mwinuko wa wastani wa meta tatu kwa kila meta mia, na mtu akisoma hivyo atadhani ni njia nyepesi. Wastani huo unadanganya. Sehemu kubwa ya kupanda imo katika nusu ya kwanza, kutoka Mombo hadi Soni, ambako barabara imebandikwa ubavuni mwa korongo, mwamba upande mmoja na mto chini upande mwingine, kona baada ya kona, na hakuna mahali pa kupumzisha miguu isipokuwa sehemu chache ambazo magari hupishana. Mwendesha baiskeli wa kawaida, mwenye gia nyepesi, hupanda kwa mwendo wa kilomita nane hadi kumi kwa saa. Kwa hiyo saa mbili karibu zote hutumika kufika Soni peke yake. Baada ya Soni, penye maporomoko ya maji, bonde linafunguka, bustani za mboga zinaanza kuonekana kando ya mto, na mtu anaweza kupandisha gia na kuanza kuzungumza na mwenzake tena.

Ushauri wangu kwa njia hii ni wa saa. Anayepanda na aanze Mombo kabla jua halijachomoza vizuri, kwa sababu mbili. Sababu moja ni joto: pale chini korongo halina upepo, na lami ikishapata jua hurudisha moto usoni mwa anayepanda polepole. Ya pili ni magari. Asubuhi na mapema Fuso nyingi za mboga zimekwisha kushuka usiku kuelekea Dar es Salaam na Tanga, na mabasi ya kupanda bado hayajafika Mombo, kwa hiyo kuna kipindi ambacho barabara huwa tulivu kiasi cha kusikia maji ya mto. Kuanzia saa nne utulivu huo haupo. Nimewaona wageni wakianza kupanda saa sita mchana kwa sababu basi lao la kutoka Dar limechelewa. Hao ningewaomba walale Mombo, au wapakie baiskeli kwenye gari hadi Soni, na asiwepo wa kuwacheka.

Sasa tupande zaidi. Kutoka Lushoto hadi kijiji cha Magamba ni kilomita saba au nane za kupanda bila kukata, na pale ndipo panapoanza njia ambayo mimi naiweka juu ya nyingine zote: Magamba, Lukozi, hadi Mtae. Njia hii, kama kilomita sitini ukihesabu tangu Lushoto mjini, hukaa kwa sehemu kubwa juu ya mgongo wa milima, na mwanzo wake unapita ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba, yenye zaidi ya hekta 9,000, inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Naomba wale wanaotaka njia mpya msituni waisikilize sehemu hii kwa makini.

Barabara ile, kwa kilomita kadhaa, ina msitu wa asili pande zote mbili. Miti ya mkulo, ile michache iliyonusurika misumeno ya zamani, imeinama juu ya barabara na kuvaa kuvu na mimea mingine mwilini mwake. Asubuhi mbega huruka kutoka upande mmoja kwenda wa pili juu ya kichwa cha mpita njia, mkia mweupe ukifuata nyuma. Kwenye ukingo wa barabara, hasa baada ya mvua, vinyonga huvuka kwa mwendo wao wa kusita, mguu mmoja ukiwa hewani, na baadhi ya jamaa zao hawapatikani mahali pengine popote duniani ila katika milima hii. Mwendesha baiskeli anayepanda kwa kilomita nane kwa saa anaviona vyote hivyo. Hana injini ya kuwatisha wanyama, hana kioo cha kumtenga na harufu ya majani yaliyolowa, na hajaacha alama yoyote ambayo barabara haikuwa nayo kabla yake. Mgeni aliyetoka mbali kuja kuendesha baiskeli ndani ya msitu wa mlimani amekwisha kupata alichokifuata, na sisi hatukukata hata mti mmoja.

Baada ya msitu, nchi inabadilika ghafla. Mnaingia Shume na Lukozi, nchi ya viazi, kabichi na karoti, ambako udongo mwekundu umelimwa hadi ukingoni mwa barabara na siku ya gulio watu hujaa hadi baiskeli inasukumwa kwa mkono. Hapa lami ni ya vipande. Mahali pengi ni changarawe, na mahali pengine ni udongo mtupu. Wakati wa kiangazi udongo huo ni mgumu na wenye vumbi, na baiskeli yenye matairi ya unene wa kati inapita bila taabu. Ikinyesha mvua ya nusu saa tu, mambo ni mengine: udongo hunata kwenye tairi, ukajaa kati ya tairi na uma wa mbele, gurudumu likakataa kuzunguka, na mtu akabaki kubeba kitu alichotarajia kimbebe. Wakulima wa Lukozi wanaoshusha magunia kwa baiskeli hubeba kijiti kilichochongwa bapa kwa ajili ya kukwangua tope hilo. Mgeni mwenye baiskeli ya bei kubwa hana kijiti.

Mbele ya Lukozi barabara zinagawanyika, moja ikielekea Mlalo na nyingine Mtae. Ya Mtae inafuata mgongo hadi kijiji kilichojengwa juu ya ncha ya genge, ambako nyumba zimepangana kwa sababu ardhi imekwisha pande zote. Chini yake kuna nyika ya Mkomazi, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2008, ng'ambo yake milima ya Pare, na siku ya anga safi, mara nyingi alfajiri, Kilimanjaro hujitokeza kaskazini magharibi. Huko mtu alale. Kwenda Mtae na kurudi Lushoto siku hiyohiyo kwa baiskeli ni mateso yasiyo na faida, na kijiji hakipati kitu kwa mgeni ambaye amekunywa soda moja na kugeuza.

Ya Irente naisema kwa ufupi kwa kuwa kila mtu anaijua: ni kilomita tano au sita kutoka mjini, inafaa familia na wanaojifunza, na kule kwenye kilele mtu husimama ukingoni akatazama mikonge ya Mazinde kiasi cha meta elfu moja chini ya miguu yake. Inatosha kwa nusu siku.

Iko njia nyingine ambayo haizungumzwi vya kutosha, nayo ni ya Soni, Bumbuli, Dindira hadi Korogwe. Inapita karibu na Vuga, makao ya watawala wa Kikilindi, ambako mmisionari Krapf alifika mwaka 1848 kuonana na mfalme Kimweri, na inapanda na kushuka katika mashamba ya chai na ya migomba, huku upande wa milima ukiwa na misitu kama Mazumbai, unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Ni zaidi ya kilomita sabini, nyingi zikiwa za udongo, na inamtoa mtu milimani kwa mlango wa kusini, hivyo hahitaji kurudi alikotoka. Nawaonya tu juu ya kipande cha mwisho. Akishafika Korogwe, mtu asijaribu kurudi Mombo kwa baiskeli katika barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Arusha. Mabasi yale hayana nafasi ya kumwona, na barabara haina pembezoni pa kumtosha. Baiskeli ipandishwe juu ya basi.

Mteremko wa Mlalo kwenda Mng'aro na Mnazi, upande wa kaskazini, ni mkali na wa kuvutia, lakini nitautumia kueleza jambo lingine ambalo linanikosesha usingizi kuliko matope, yaani breki.

Katika vikao vyetu tunazungumza sana juu ya kupanda kwa sababu kupanda ndiko kunakochosha. Wanaoumia huumia wakishuka. Chukueni mtu na baiskeli yake, jumla kilo 85, akishuka meta elfu moja, kama ilivyo kutoka Lushoto hadi Mombo. Nguvu yote aliyoihifadhi kwa kuwa juu lazima ipotee njiani, na jumla yake ingetosha kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji. Akiachia baiskeli ikimbie, sehemu kubwa huchukuliwa na upepo. Akiogopa, kama anavyoogopa mgeni yeyote katika kona zile, akawa ameshika breki kuanzia juu hadi chini, karibu joto lote huingia katika mipira ya breki na rimu. Rimu ikishapata moto, gundi ya viraka vya tyubu hulainika, kiraka kikateleza, na pancha ikatokea gurudumu la mbele mtu akiwa ndani ya kona. Breki za sahani hustahimili zaidi, ila nazo zikipata moto kupita kiasi hupoteza makali.

Njia ya kushuka iko, na wabebaji wetu wa magunia wanaijua kuliko mtu yeyote. Wanashika breki kwa nguvu kabla ya kona, wakiwa bado wamenyooka, kisha wanaachia kona yenyewe na kuipa rimu nafasi ya kupoa, halafu wanashika tena. Hawashiki kidogokidogo bila kuachia. Kila baada ya kilomita chache wanasimama, wanagusa rimu kwa mgongo wa kidole, na kama haiguziki wanangoja. Wapo pia wanaosaidia breki kwa kukanyaga tairi la nyuma kwa kandambili, na hilo siwezi kulisifu, kwa kuwa breki za fito za baiskeli zile nzito hazikuundwa kwa milima hii. Mipira ya kubadilisha haipatikani kwa urahisi, na mtu hutumia alichonacho. Ningefurahi kuona mafundi baiskeli wa Lukozi, Mlalo na Soni wakiwa na mipira ya breki ya kutosha kabla hatujanunua bango hata moja la kukaribisha watalii. Kijana anayeshusha gunia la viazi ndiye mtumiaji wa kwanza wa njia hizi, na usalama wake ndio kipimo cha kama tunasema kweli tunaposema tunataka njia za baiskeli.

Nikirudi kwenye msitu, wako wanaosema kwamba njia nyembamba ya baiskeli, upana wa nusu meta, haiwezi kuudhuru msitu wa maelfu ya hekta. Nawaheshimu wanaosema hivyo, na wengi wao ni vijana wanaoipenda milima hii. Lakini tuangalie udongo. Udongo wa msitu wa Magamba umefunikwa na majani yaliyooza kwa miaka mingi, na chini ya majani hayo kuna mtandao wa mizizi midogo. Ndiyo inayonyonya mvua ya masika na kuiachia polepole mtoni wakati wa kiangazi. Tairi moja halifanyi kitu. Matairi mia yakipita mstari mmoja kwenye mteremko, majani huondoka, mizizi hukatika, udongo hugandamizwa, na mvua inayofuata hupata mfereji uliokwisha kuandaliwa. Masika moja inatosha kuugeuza mfereji kuwa kijikorongo. Waendesha baiskeli hukikwepa kijikorongo kwa kupita kando, na kando nako kukawa mfereji. Yeyote aliyetazama vichochoro vya kushukia mtoni katika vijiji vyetu amekwisha kuliona jambo hili, bila kuhitaji mtaalamu.

Tena njia ikishafunguka haichagui nani aipite. Mkulo uliisha katika sehemu nyingi za misitu hii kwa sababu palikuwa na njia ya kuufikia na njia ya kuutoa. Afisa misitu mmoja na wenzake wachache wanalinda eneo kubwa, na ulinzi wao unategemea ukweli kwamba msitu mzito ni mgumu kupitika. Tukiwapa wakata mbao njia laini tuliyoichonga kwa mikono yetu kwa ajili ya mchezo, tutakuwa tumewaongezea walinzi hao kazi ambayo hawana watu wa kuifanya. Na maji yanayotoka katika misitu hii hayaishii kwetu; mto Umba unaanza katika milima hii na kuvuka mpaka kuelekea pwani ya Kenya, na wakulima wa mpunga wa Mng'aro wanamwagilia kwa kile ambacho msitu wa juu umekihifadhi.

Waendao kwa miguu wanazo njia zao ndani ya hifadhi, pamoja na waongozaji na utaratibu wa vibali chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, nazo ziachwe hivyo. Baiskeli na zikae barabarani. Mpaka huo ni rahisi kuueleza kwa mgeni, ni rahisi kuusimamia, na haumnyimi mtu kitu, kwa kuwa barabara zenyewe, kama nilivyosema, zinapita katikati ya kile anachokitafuta.

Naomba sasa niseme juu ya kipimo. Tumezoea kuzitangaza njia zetu kwa kilomita, na kilomita hazimwambii mwendesha baiskeli wa milimani jambo analolihitaji zaidi. Mwezi Septemba 2025 jirani zetu wa Rwanda walikuwa wenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani pale Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa na urefu wa kilomita 267.5, lakini waliozishiriki walizungumza juu ya namba nyingine, yaani meta 5,475 za kupanda. Namba hiyo ndiyo iliyowaangusha wengi njiani. Na jambo linalonigusa ni kwamba Rwanda haikujenga milima wala haikutafuta nchi mpya kwa ajili ya mashindano yale. Ilitumia barabara za mji wake, zile zilezile ambazo watu wake hupanda kila siku kwenda kazini, ikazitunza na kuzipima kwa uangalifu hadi dunia nzima ikazijua kona zake kwa majina.

Sisi nasi tunaweza kuwa na karatasi moja kwa kila njia, yenye mambo machache tu: meta za kupanda kwa jumla, mahali penye mwinuko mkali kuliko pote, aina ya uso wa barabara kwa kila kipande, mahali penye maji salama ya kunywa, mahali alipo fundi, na miezi ambayo njia haifai. Hilo la mwisho tuliseme bila woga. Kuanzia Machi hadi Mei, masika, barabara za udongo za Mtae, Mlola na Bumbuli zisitangazwe kabisa kwa wageni wa baiskeli, na hata ile ya lami ya Soni iendeshwe kwa hadhari, kwa sababu mvua kubwa huporomosha mawe kutoka kwenye mwamba. Vuli, Oktoba hadi Desemba, inavumilika kwa mwenye ratiba isiyo na haraka. Miezi bora ni Juni hadi Septemba, ambapo vumbi lipo, baridi ipo, na asubuhi ukungu hukaa hadi saa tatu, hivyo taa ya nyuma ni ya lazima hata mchana.

Kwa waheshimiwa madiwani nina maombi mawili. Mtakapokaa na TANROADS na TARURA, wakala wa serikali wa barabara, ambao kila mmoja ana barabara zake katika njia hizi, waulizeni juu ya mitaro kabla ya kuwauliza juu ya lami. Barabara ya udongo yenye mtaro uliozibuliwa hupitika mwaka mzima kwa sehemu kubwa, na lami isiyo na mtaro huliwa pembeni hadi mwendesha baiskeli akasukumwa katikati ya njia ya magari. Ombi la pili ni kuhusu vyuma vya mitaro inayokatiza barabara. Pale ambapo nondo zake zimelazwa kufuata urefu wa barabara, tairi jembamba huzama katikati na mtu akapitiliza juu ya usukani. Zigeuzwe zilale kwa upana. Kazi hiyo ni ya mchomeleaji wa vyuma wa hapa mjini.

Kwa madereva wa Fuso na kwa vijana wa bodaboda, ambao nafurahi kuwaona baadhi yenu humu, ombi langu ni honi moja fupi kabla ya kona za korongo la Soni, na injini isizimwe wakati wa kushuka kwa ajili ya kuokoa mafuta. Pikipiki iliyozimwa haisikiki, na anayepanda kwa baiskeli katika kona ile hana namna ya kujua kwamba kuna mtu anakuja upande wake.

Kwa waongoza watalii, mgeni wa baiskeli asipitishwe kijijini kama upepo. Njia ya Mtae ipangwe kwa siku mbili za kwenda na moja ya mapumziko, alale Lukozi au Rangwi, ale chakula kilichopikwa na mama wa pale pale, na fundi wa pale alipwe kwa kukaza spoku zake. Malipo ya kupita katika hifadhi yakatwe mahali pamoja, Magamba, na risiti itolewe, ili mgeni asije akasimamishwa mara tatu na kuondoka na kinyongo.

Yapo mambo tunayoweza kuyaanza bila kusubiri fedha za mtu. Masika ikishaisha na udongo ukishakauka, yaani kuanzia katikati ya Juni, napendekeza tuzigawane njia hizi vipande vipande, kila kundi la vijana na kipande chake, na kila kipande kiendeshwe mara mbili, kupanda na kushuka, mmoja akiwa na daftari na mwingine na simu yenye kipimo cha mwinuko. Vijana wa Soni wachukue korongo la Mombo na barabara ya Bumbuli hadi Dindira. Vijana wa mjini wachukue Irente na kipande cha Magamba. Lukozi, Mlalo na Mtae wanajua mipaka yao kuliko mimi. Daftari ziletwe ofisi ya kata ya Lushoto kabla ya mwisho wa Julai, tuzikalie pamoja na maofisa misitu, na tuandike karatasi ya kwanza. Aliye tayari kuandikisha kundi lake, meza iko pale mlangoni.

Nawashukuru kwa kunisikiliza.